Kahawa Kwanza, Moshi Baadaye

Kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Kiko aliianza siku kwa namna moja, na ole wake aliyejaribu kumbadilishia. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kikombe cha kahawa mkono wa kushoto, kiko mkono wa kulia. Mkewe alikaa kando yake na kikombe chake mwenyewe, chenye sukari vijiko vitatu, jambo ambalo Mzee Kiko alilihesabu kuwa aibu ya nyumba. Wakishatulia, somo lilianza.

Somo lenyewe lilikuwa hili: kahawa kwanza, moshi baadaye. Anayevuta kabla ya kunywa amejifungia mlango, na kila kitakachofuata kitagonga na kurudi. Unapiga funda moja, unameza, unangoja pumzi mbili, ndipo unavuta kidogo tu, ili moshi uikute kahawa bado imekaa ulimini. Kahawa iliyokaangwa kidogo ilitaka tumbaku laini ya rangi ya majani makavu. Iliyokaangwa mpaka ikang'aa mafuta ilitaka tumbaku nyeusi yenye unyevu, ambayo watu wasio na adabu huipakia kwa kuishindilia kama nguo za safari. Tumbaku haishindiliwi, alisema, inalazwa. Mkewe aliitikia "ee" mahali panapostahili, huku akili yake ikiwa kwenye nguo za kuanika, na tuseme ukweli, yeye kahawa aliinywa kwa ajili ya ile sukari.

Jina la Kiko alipewa kazini, kwa sababu chombo hicho hakikumtoka mdomoni hata kikiwa kimezimika. Alifanya kazi katika jengo la kukaangia kahawa nyuma ya soko. Lilikuwa na vyumba vitatu: cha magunia na mizani, cha pipa kubwa la chuma linalozunguka juu ya moto, na kijumba cha mwisho chenye meza ya kuonjea na vikombe vyeupe visivyo na maua. Humo ndani hakukiwasha kiko hata siku moja. Alikiuma tu, kikavu, na kuwaza.

Kazi yake ya kukaanga wangeweza kuifanya wengine. Iliyokuwa yake peke yake ni ile ya kunusa. Gunia jipya likishushwa kwenye lori, alilidunga kwa chuma kilichochongoka chenye tundu ndani, buni mbichi zikamtiririkia kiganjani. Alizifumbata, akazipulizia pumzi ya moto, akaingiza pua kati ya vidole gumba na kufumba macho. Kisha alisema neno moja kati ya mawili. Akisema "ingia," gunia liliingia. Akisema "rudi," lilirudi kwenye lori, hata dereva alalamike mpaka sauti imkauke. Marehemu aliyelianzisha jengo lile alikuwa amepiga marufuku ubishi juu ya maneno hayo mawili, na mwanawe, ambaye sasa ndiye Tajiri, aliurithi mwiko huo pamoja na jengo.

Aliyesimama karibu naye kila siku ni Dada Mizani, mwanamke mkimya aliyepima magunia na kuandika uzito. Miaka sita alikuwa akimsikiliza mzee akieleza kila fumbato, maana Mzee Kiko hakuweza kunyamaza mbele ya kahawa. Hakuna aliyemtuma kumfundisha, wala yeye mwenyewe hakujua kwamba anafundisha.

Mafua yalimshika wakati wa mvua. Yalikuwa mafua ya kawaida tu, ya kupiga chafya na kunung'unika kitandani. Siku ya tisa yaliondoka, na yalipoondoka yalibeba kisichokuwa chao.

Asubuhi hiyo alipiga funda la kwanza akadhani mkewe amesahau kutia kahawa. Kikombeni mlikuwa na maji ya moto yenye uchungu, basi. Alivuta kiko, ukamwingia moshi usio na jina, joto tupu la kukwaruza koo. Akarudi kwenye kikombe. Akarudi kwenye kiko. Mkewe alingoja somo, na kwa mara ya kwanza tangu waoane somo halikuja.

Mama wa watu alihangaika. Alimkamulia ndimu, akampondea vitunguu saumu, akamfukiza chini ya blanketi mpaka akatoka humo mwekundu wa macho na mwenye hasira. Akaambulia patupu. Mwishowe alimkokota hadi kwa daktari wa masikio, pua na koo, ambaye alimmulika tundu hili na lile, kisha akamnusisha vichupa vitano. Mzee Kiko, kwa kuwa hakuwa mtu wa kushindwa kimyakimya, alikisia vyote vitano, na akakosa vyote vitano. Daktari alieleza kwamba mshipa wa kunusia umeumizwa na yale mafua. Huenda ukapona baada ya mwaka, huenda miaka miwili, huenda usipone kabisa, na hakuna kidonge wala kisu cha kuuharakisha. Mzee Kiko aliuliza basi yeye afanye nini. Daktari, kijana muungwana kabisa, alimjibu kwamba anaweza kusubiri.

Njiani mkewe alishikilia kwamba ni kiko. Daktari alikuwa amesema siyo, lakini nusu ya mtaa ilisema ndiyo, na mtaa ni wengi kuliko daktari. Mzee Kiko hakuamini upande wowote. Ila mtu asiye na la kufanya hushika lililo karibu. Jioni hiyo alikifuta kiko, akakilaza pamoja na tumbaku yake ndani ya kopo la biskuti, akapanda juu ya kiti na kulisukuma kopo hadi mwisho kabisa wa kabati. Alikuwa amekiweka rehani kwa Mungu. Masharti hayakuandikwa popote, lakini yeye aliyaelewa hivi: mimi sivuti, na Wewe unanirudishia pua yangu.

Kazini hakusema neno, na hapo ndipo ninapomkasirikia. Mtu aliyeheshimiwa kiasi kile angeweza kusema, "Jamani, naumwa," na asingepigwa mawe. Lakini jiweke mahali pake. Watoto wake watatu walisomeshwa na pua ile. Watu wazima walikuwa wakiyashusha na kuyapandisha magunia kwa neno lake. Angesema, halafu angekuwa nani? Mzee mmoja tu mwenye jina la kiko asichokivuta.

Basi akajikaza. Pipa la kukaangia alilimudu, kwa sababu buni zina sauti: hupasuka mara ya kwanza kama vijiti vikavu vinavyovunjwa, hunyamaza kidogo, halafu hupasuka tena kwa mlio mwembamba zaidi. Alitega sikio, akatazama rangi, akamwaga kahawa kwenye sinia kwa wakati wake. Mezani pia alijua la kufanya. Alifyonza kwa kelele, akatema, akasema maneno aliyoyasema miaka yote. Taabu ilikuwa kwenye magunia. Kila asubuhi alifumbata, akapuliza, akaingiza pua, akafumba macho, na nyuma ya macho hapakuwa na kitu. Alihesabu hadi tano, roho ikiwa mkononi, kisha akasema "ingia."

Hakuna kilichotokea. Wiki zikapita, ikawa miezi minne, na hakuna mnunuzi aliyerudisha hata mfuko mmoja. Mzee Kiko alishukuru kwamba wakulima wa siku hizi wamekuwa waangalifu. Baadaye akaanza kujidanganya kwamba kiganja chake kimejifunza kunusa chenyewe. Hata nyumbani alirudi kuongea kidogo pale kwenye ngazi, ingawa mkono wa kulia ulikuwa mtupu na hakujua auweke wapi.

Siku moja Dada Mizani hakuja kazini. Mama yake alikuwa anafanyiwa upasuaji wa jicho, na ruhusa ya siku hiyo alikuwa ameiomba kwa Tajiri mapema. Lori lilifika saa mbili na magunia arobaini. Mzee Kiko alidunga, akapuliza, akahesabu tano, akasema "ingia." Alipofika kwenye magunia sita yaliyokuwa yamelazwa nyuma kabisa, mpagazi mkuu, jitu la miraba minne waliloliita Bonge, alisimama na gunia begani.

"Mzee, hata haya?"

"Nimesema ingia."

Bonge alijikuna kisogo. Wapagazi wakatazamana. Magunia yale yalikuwa yamemwagikiwa mafuta ya taa safarini; doa lilikuwa limekauka lisionekane, lakini harufu ilifika mpaka barabarani. Lakini watu hawa, kwa miaka ishirini, walikuwa wamemwona Mzee Kiko akirudisha magunia waliyoyaona mazuri na kuingiza yaliyowatia mashaka, na kila mara waliokosea walikuwa ni wao. Kila mmoja alijiona mjinga asiyejua kahawa. Wakayaingiza, na kwa heshima zote wakayaweka mbele, tayari kwa pipa.

Wakati kahawa ile inakaangwa, fundi cherehani wa mlango wa pili alifunga dirisha. Mzee Kiko aliona kitendo hicho akadhani ni upepo. Alikuwa ametega sikio. Mlio wa kwanza ulikuja kwa wakati, wa pili ukaja kwa wakati, rangi ikawa nzuri ajabu. Moyoni alijipongeza.

Saa nne Tajiri aliingia na mgeni, mnunuzi wa hoteli kubwa aliyekuwa akibembelezwa mwaka mzima. Alikuwa amemleta hasa amwone Mzee Kiko akionja. Mlangoni wote wawili walisita kidogo, Tajiri akasema pengine kuna mtu anasafisha mashine. Vikombe vilikuwa tayari. Mzee Kiko alijiweka sawa, akachota kijiko, akafyonza kwa ile kelele yake maarufu, akaizungusha, akatema, akainua kichwa.

Ina utamu wa chini, alimweleza mgeni, utamu wa sukari iliyoanza kuungua, na ladha yake hukawia ulimini. Kwa mvuta kiko, aliongeza kwa tabasamu, hii inataka tumbaku nyeusi.

Mgeni alikuwa ameshakiweka chini kijiko chake na kutoa leso. Tajiri alikuwa ameonja akatema, na alikuwa anatazama ndani ya kikombe kama mtu anayetafuta nzi.

"Mzee wangu," Tajiri alisema polepole, "onja tena."

Alionja tena. Alifyonza bila kelele safari hii. Mdomoni mwake mlikuwa na moto na uchungu, mambo yale yale ya miezi minne. Alitafuta kwenye nyuso zao kilichokuwa kikombeni. Aliona kwamba ni kitu kibaya, kibaya kiasi cha kumfanya mtu mzima ajizibe pua, lakini ni kitu gani hakukipata.

"Unasikia harufu gani?"

Angeweza kukisia. Ukungu, moshi, kitunguu, ngozi mbichi. Alikumbuka vile vichupa vitano.

"Sisikii kitu, mwanangu."

"Leo?"

"Tangu mvua."

Mgeni, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema atarudi siku nyingine, na wote walielewa kwamba hatarudi. Tajiri alimsindikiza, kisha akamwita Bonge. Jitu lile lilisimama limeinamisha kichwa, likaeleza kwa sauti ndogo kuliko mwili wake kwamba wao walidhani mzee ana lake. Magunia ya namna hii Dada Mizani huyatenga humo humo ndani ya lori linapongoja langoni asubuhi, kabla mzee hajaingia. Waliamini mzee ndiye aliyemtuma.

"Anayatenga tangu lini?" Tajiri akauliza.

Bonge alimtazama Mzee Kiko, akatazama sakafu.

"Tangu mvua."

Mzee Kiko alikaa. Miezi minne alikuwa amejisifu kwa kuficha, kumbe alikuwa anafichwa. Wale wakulima waangalifu aliowashukuru, kile kiganja kilichojifunza kunusa, vyote vilikuwa mwanamke mmoja anayekuja kazini nusu saa mapema. Aliona haya mpaka masikio yakamchoma.

Kesho yake Dada Mizani alirudi. Alikuwa amekwisha simuliwa yote hata kabla hajavua viatu vya mvua, na alikwenda moja kwa moja kumwamkia, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Mzee Kiko aliitikia, akamuuliza habari za jicho la mama yake. Linaendelea vizuri, lilifunguliwa asubuhi hiyo. Kisha akamuuliza alijuaje.

"Kitambaa kiliungua kwenye moto wa pipa nyuma yako, Mzee," alisema. "Moshi umejaa chumba, na wewe unanieleza habari za tumbaku. Nikakizima, ukaendelea kunieleza."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambiaje? Wewe ndiye uliyenifundisha."

Dada Mizani alikuwa na machozi, na machozi yale yalimwumiza mzee kuliko kama angetukanwa.

Tajiri alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa mzito kuubeba. Mzee hafukuzwi. Mshahara ni ule ule, pipa ni lake mpaka achoke mwenyewe, maana sikio lile bado halina mfano. Magunia na meza vitakuwa chini ya Dada Mizani. Ndivyo ilivyostahili, na Mzee Kiko alijua ndivyo, na laiti angepata hata sababu moja ya kugomba angegomba siku nzima. Hakuipata.

Lori la siku hiyo lilipofika alisimama kando na koleo la kukorogea kahawa. Dada Mizani alikishika kile chuma chenye tundu, akamtazama yeye kwanza. Mzee alimpa ishara ya kichwa. Mwanamke akadunga, akafumbata, akapuliza, akafumba macho, kila kitu kama alivyofanya yeye, hata kule kuinua bega la kushoto ambako hakuwahi kujua kwamba anakufanya. Gunia la kwanza aliliingiza. La pili alikaa nalo muda mrefu.

"Rudi," alisema.

Dereva alianza kulalamika, Bonge akamnyamazisha. Hakuna aliyegeuka kumtazama Mzee Kiko. Yeye alilitazama gunia lile likipanda tena kwenye lori, na alitamani kujua lina nini. Huenda Dada Mizani alikuwa amepatia. Huenda alikuwa amekosea. Yeye hakuwa na namna ya kujua, na ilipofika saa nane aliomba ruhusa akaenda nyumbani.

Mkewe alimwona akija saa isiyo yake, akaacha nguo kwenye beseni. Mzee Kiko alimsimulia pale pale, wamesimama, kuanzia magunia sita hadi lile bega la kushoto. Mkewe hakumkatiza. Mumewe alipomaliza, alipanda kiti, akanyoosha mkono hadi mwisho wa kabati, akashuka na kopo la biskuti.

Mzee Kiko alimkumbusha kwamba kile kitu ni rehani.

"Umekiweka, umengoja," alisema mkewe. "Chukua kiko chako, baba watoto."

Alichemsha kahawa. Kiko alikipakia mwenyewe, kwa mikono iliyotoka kwenye sabuni, na alikishindilia hasa kama nguo za safari. Mzee Kiko aliona, akakipokea. Walikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, yeye na vyombo vyake viwili, mama na sukari yake. Mzee Kiko alipiga funda, akameza, akangoja pumzi mbili. Alivuta kwa shida, kwa kuwa tumbaku ilikuwa imebanwa mno. Kikawaka. Moto wa kikombe ulishuka, moto wa kiko ukafuata, na kati ya moto huu na ule hapakuwa na tofauti, ila mmoja ulikuwa majimaji.

"Niambie," alisema.

"Nikuambie nini?"

"Kahawa. Inanukiaje?"

Mkewe alilichukua jambo hilo kwa uzito wote. Alikiweka chini kikombe chake cha sukari, akakichukua cha mumewe, akakileta karibu na uso na kufumba macho. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amefundishwa kwenye ngazi hii, kila asubuhi, na sasa ulikuwa umefika mtihani. Alivuta pumzi mara moja. Akavuta tena. Mzee Kiko alimwinamia, kiko mkononi, anasubiri.

"Inanukia kahawa," alisema.

"Kahawa gani?"

Alijaribu tena. Alikuwa akimsikiliza miaka yote ile kwa sikio moja, na leo alijuta kila "ee" aliyoitoa huku akiwaza nguo.

"Kahawa tu, mume wangu. Siwezi kusema vingine."

"Na moshi?"

Hapo hakuhitaji kufumba macho.

"Moshi unanukia wewe."

Mzee Kiko alimwomba aseme zaidi, unanukiaje, ni mkavu au una utamu, unakaa au unapita. Mkewe alianza kulia, kwa kuwa maneno yalikuwa yamemwishia. Mzee Kiko alimwekea mkono mgongoni, akakichukua kikombe chake, akapiga funda, akangoja pumzi mbili, akavuta, na kila mara alipoutoa moshi alimtazama mkewe usoni aone kama umemfikia puani.